Kadi imejaa, mbona wamekuja tena na matone ya polio?

“Dokta, kadi ya mwanangu imejaa. Alipewa matone alipozaliwa, akapewa tena wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sindano ya paja akachomwa. Sasa hawa waliokuja kubisha hodi na kiboksi chao cha baridi wanataka nini tena?”

Katika maswali ya chanjo ninayoulizwa kliniki na kwa simu, hili linaongoza. Mama aliyeniuliza mara ya mwisho si mtu wa kukwepa chanjo. Ana watoto wawili, hajawahi kukosa tarehe hata moja, na kadi zao amezitia kwenye mfuko wa nailoni zisilowane. Alipomuuliza mtoa chanjo mlangoni, alijibiwa kuwa ni agizo la serikali. Akamruhusu ampe mtoto matone, lakini akabaki na dukuduku.

Namwelewa. Mtu anayejua tarehe za chanjo za mwanawe kwa kichwa anastahili maelezo, siyo agizo. Na maelezo yenyewe si mafupi, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sisi wa sekta ya afya huwa tunalipita haraka haraka, kwamba wapo virusi vya polio wanaotokana na chanjo yenyewe. Nitalifikia.

Ugonjwa uliosahaulika

Tuliosoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980 tunaukumbuka ugonjwa huu, hata kama wakati ule hatukujua jina lake. Darasani kwetu alikuwapo mvulana aliyetembea huku ameshika goti kwa mkono. Kila alipokanyaga aliinama kidogo, akalisukuma goti kwa nyuma, kisha akapiga hatua nyingine. Sisi tuliona ndiyo mwendo wake. Siku za mvua hakuja shule, njia ilikuwa na utelezi. Nilipofika chuo cha udaktari ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya: msuli mkubwa wa mbele ya paja ulikuwa umekufa, na bila msuli huo goti hukunjika lenyewe mtu akilikanyagia. Mkono wake ndio uliofanya kazi ya msuli.

Madaktari vijana ninaofanya nao kazi leo hawajawahi kumwona mtoto aliyepooza karibuni kwa polio. Hata mimi nimeona yale tu unayoyaacha, yaani miguu myembamba, nyayo zilizopinda na migongo iliyokwenda upande. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili hapa Tanzania alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi yetu ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo. Mama wa miaka 25 hajui mtu wa rika lake aliyepata polio, na mara nyingi hata mama yake mzazi hamjui. Si ajabu akiuliza matone ya nini.

Basi tukumbushane kwa ufupi. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, kwa maji, chakula au mikono yenye chembe za kinyesi. Huzaana kwenye utumbo, kisha hutoka kwa choo kwa wiki kadhaa. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupata homa, kichwa kuuma na kutapika, mzazi akadhani ni malaria au tumbo la kawaida, na baada ya siku chache mtoto anacheza. Kwa wachache sana, takriban mmoja kati ya 200 walioambukizwa, virusi huvuka kutoka kwenye utumbo hadi kwenye mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo na kuua seli zinazoendesha misuli. Mtoto aliyelala akiwa na homa huamka mguu umelegea kama kitambaa. Kati ya waliopooza, watano hadi kumi katika kila mia hufa kwa sababu misuli ya kupumua nayo imepooza. Dawa ya kuwarudisha seli hizo hakuna. Mazoezi ya viungo, vyuma vya miguu na upasuaji humsaidia mtoto kutumia alichobakiwa nacho.

Naomba msomaji aiangalie tena ile hesabu ya mmoja kati ya 200. Maana yake ni kwamba siku tunapompata mtoto mmoja aliyepooza, huenda wapo wengine karibu mia mbili waliobeba virusi na kuvimwaga chooni huku wakicheza na wenzao, na hakuna anayewajua. Ugonjwa wa surua hujitangaza wenyewe kwa vipele. Polio hutembea kimya. Ndiyo sababu wataalamu wa polio hawasubiri wagonjwa kumi ndipo watangaze mlipuko. Mmoja anatosha.

Kutoka Pakistan hadi ukingo wa Ziwa Nyasa

Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa miaka mitatu mjini Lilongwe amepooza kwa polio ya asili. Alikuwa amepooza tangu Novemba 2021. Kwa watu wa fani hii habari hiyo ilikuwa nzito. Malawi haikuwa na mgonjwa tangu mwaka 1992, na bara zima la Afrika lilikuwa limethibitishwa kuwa halina polio ya asili Agosti 25, 2020, baada ya Nigeria, nchi ya mwisho barani, kukaa miaka kadhaa bila mgonjwa.

Maabara huweza kusoma vinasaba vya kirusi na kujua ukoo wake, kama sisi tunavyotaja ukoo wa mtu kwa jina la babu yake. Kirusi cha Lilongwe kilikuwa cha ukoo uliokuwa ukizunguka jimbo la Sindh nchini Pakistan. Pakistan na Afghanistan ndizo nchi mbili pekee ambako polio ya asili haijawahi kukatika. Nani alikisafirisha, kwa njia gani na kupitia wapi, hakuna anayeweza kumnyooshea mtu kidole, na pengine msafiri huyo hakuumwa hata siku moja. Kilichojulikana ni kwamba virusi hivyo vilikuwa vimetembea muda mrefu bila kuonekana. Mwaka huo huo wa 2022 Msumbiji ilipata watoto wanane waliopooza katika mkoa wa Tete, unaopakana na Malawi.

Sasa angalia ramani yetu. Kati ya Kyela na Malawi ni Mto Songwe tu. Kina mama wanavuka Kasumulu na watoto mgongoni kwenda kuuza na kununua, na jioni wako nyumbani. Ruvuma inapakana na Msumbiji, na kuna familia zenye ndugu ng’ambo zote mbili. Utumbo wa mtoto haugongwi muhuri mpakani.

Ndipo Machi 2022 tukaanza na mikoa minne ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, watoto wote wa chini ya miaka mitano. Mei tukaenda nchi nzima, watoto zaidi ya milioni 10. Tukarudia Septemba, tukarudia tena Desemba. Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe nao walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Mei 2024, baada ya muda mrefu bila mgonjwa mpya, mlipuko wa Malawi na Msumbiji ulitangazwa kufungwa. Hapa kwetu kirusi hicho cha Lilongwe hakikumpoozesha mtoto hata mmoja.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi kampeni zote zile zilikuwa za bure, maana hatukuugua. Huo ndio mtego wa chanjo yoyote ile. Ikifanya kazi, hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakipigwi picha.

Kwa nini nyingi hivyo?

Nirudi kwa kadi iliyojaa. Kwanza, dozi za kliniki na dozi za kampeni zina kazi mbili tofauti. Za kliniki zinamkinga mtoto wako. Za kampeni zinatolewa kwa watoto wa eneo zima ndani ya siku chache, ili kirusi kikitoka kwenye utumbo wa huyu kisipate utumbo mwingine ulio wazi pa kuingia. Kampeni isiyozidi siku nne ina nguvu hiyo kuliko kuwachanja watoto hao hao kidogo kidogo mwaka mzima. Timu ikiruka nyumba zenye kadi zilizojaa na kugonga za wasio na kadi tu, kwanza itapoteza muda kukagua kadi ambazo nyingi zimepotea au zimeachwa kwa bibi kijijini, na pili itawakosa watoto ambao kadi zao zimejaa lakini kinga haikushika.

Hilo la pili huwashangaza wazazi. Matone ni virusi vya polio vilivyodhoofishwa, na ili kinga ishike ni lazima virusi hivyo vikae kwenye utumbo na kuzaana kidogo. Mtoto mwenye kuhara, mwenye minyoo, anayeishi kwenye msongamano na choo cha shida, utumbo wake tayari umejaa wadudu wa kila aina, na matone mara nyingine hupita tu bila kushika. India ililiona jambo hili kuliko nchi yoyote. Katika majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar kulikuwa na watoto waliopooza ingawa walikuwa wamepewa matone mara kadhaa. Hawakuachana na matone. Waliongeza mizunguko, wakamwendea mtoto huyo huyo tena na tena, kwenye treni, stendi, mashambani na kwenye matanuru ya matofali. Mtoto wa mwisho India alipooza Januari 2011, karibu na Kolkata, na mwaka 2014 eneo lote la Asia ya Kusini-Mashariki likathibitishwa kuwa halina polio ya asili. Miaka michache kabla ya hapo wapo wataalamu waliokuwa wakisema India haitaweza.

Dozi ya ziada haina madhara. Haizidishi kipimo mwilini wala haimchoshi mtoto. Kama kinga ilikwisha kushika, utumbo unayakataa matone na yanatoka.

Mtoto wa Rukwa

Sasa lile jambo nililosema nitalifikia.

Mwaka 2023, wakati wengi tunadhani tumevuka, mtoto mdogo mkoani Rukwa alipooza. Vipimo vilionyesha virusi vya polio vya aina ya pili. Hivi havikuwa polio ya asili iliyotoka Pakistan, bali polio inayotokana na chanjo. Burundi ilikuwa imetangaza mlipuko wa aina hiyo hiyo miezi michache kabla, Machi 2023, na jirani zetu wa Kongo wamekuwa wakipambana nao kwa miaka.

Vichwa vya habari vya aina ile huwapa shida watoa chanjo wa nyumba kwa nyumba, na mtu hawezi kuvijibu kwa kusema “hakuna shida”. Ni hivi. Mtoto aliyepewa matone hutoa virusi dhaifu kwa choo kwa wiki kadhaa. Katika mtaa ambao watoto wengi wamechanjwa, virusi hivyo vinakosa pa kwenda na vinakufa. Kwa kweli vikimfikia mwenzake ambaye hakuchanjwa, naye anapata kinga bila kupewa tone. Lakini mahali ambako watoto wasiochanjwa ni wengi, virusi hivyo dhaifu vinapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mwezi hadi mwezi, na kila vikizaana vinabadilika kidogo. Vikiachiwa muda wa kutosha, mwaka au zaidi, vinaweza kurudisha ukali wa mababu zao na kupoozesha. Kinachovipa muda huo ni watoto waliokosa chanjo. Mtoto aliyemeza tone jana si ndiye anayepooza kwa namna hii.

Ipo namna nyingine, adimu mno, ambayo tone lenyewe humpoozesha aliyelimeza, mara moja katika mamilioni ya dozi. Nalitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mzazi akilisikia kwanza kwa jirani au kwenye simu yake atadhani tulimficha. Pima hilo na mmoja kati ya 200 wa kirusi cha asili, kisha uamue.

Kwa nini iwe aina ya pili? Polio ina aina tatu. Aina ya pili ya asili ilithibitishwa kutoweka duniani mwaka 2015, na ya tatu mwaka 2019. Aina ya pili ilipotoweka, matone ya zamani yaliyokuwa na aina zote tatu yaliondolewa dunia nzima Aprili 2016, yakaletwa mapya yenye ya kwanza na ya tatu tu. Hesabu ilikuwa njema: kama ya asili haipo, kwa nini tuendelee kuwanywesha watoto virusi dhaifu vya aina hiyo? Lakini hesabu hiyo ilitegemea mambo mawili: kwamba mabaki ya virusi dhaifu vya aina ya pili yalikuwa yamekwisha kila mahali, na kwamba watoto wangepata sindano ya kuziba pengo. Mabaki hayakwisha. Sindano nayo ilikuwa haba duniani, na sisi tulianza kuitoa mwaka 2018. Kwa maoni yangu, uamuzi wa 2016 ulikuwa na mantiki lakini ulifanywa wakati baadhi ya nchi zilikuwa bado na mashimo makubwa kwenye chanjo za kawaida, na mtoto wa Rukwa ni mmoja wa waliolipia.

Pengine ulishangaa kwa nini kampeni ya Septemba 2023 katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe ilichukua watoto wa chini ya miaka minane badala ya mitano, hadi walimu wa darasa la kwanza na la pili wakapanga foleni za wanafunzi. Hesabu ni nyepesi. Toa 2016 kwenye 2023. Hao ndio watoto waliozaliwa baada ya matone ya zamani kuondolewa, wasio na kinga ya aina ya pili kwenye utumbo wao.

Matone waliyopewa safari hiyo ni mapya, ya aina ya pili peke yake, yaliyotengenezwa ili virusi vyake visiweze kubadilika kwa urahisi kama vile vya zamani. Yalianza kutumika mwaka 2021, Nigeria ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Si kwamba haviwezi kabisa kubadilika, bali ni vigumu zaidi, na hilo ni jambo kubwa.

Wazazi wengine huniuliza: kama sindano haina virusi hai, kwa nini tusitumie sindano tu kama Ulaya? Sindano ni nzuri. Inamkinga mtoto asipooze, na ndiyo maana ipo kwenye ratiba yetu. Ila inaweka kinga kwenye damu zaidi kuliko kwenye utumbo. Mtoto aliyechomwa sindano tu anaweza kubeba kirusi tumboni, akakipeleka chooni, akiwa mzima kabisa. Mwaka 2022 virusi vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo vilipatikana kwenye maji taka ya London, na katika jimbo la New York mtu mzima ambaye hakuwa amechanjwa alipooza. Wenye vyoo vya kuvuta na maji safi waliponea hapo. Kwetu, ambako watoto wengi wanacheza karibu na choo cha shimo kinachofurika masika, kinga ya utumbo ndiyo inayozima moto.

Maneno ya mtaani

Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiongoza, yalisimamisha matone ya polio kwa uvumi kwamba yamewekwa dawa za kuwafanya wasichana wasizae. Kano iliendelea hivyo hadi katikati ya 2004. Yalipimwa, wataalamu wakazungumza, viongozi wa dini wakahusishwa, na hatimaye Kano ikakubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Kufikia hapo virusi kutoka kaskazini mwa Nigeria vilikuwa vimesambaa katika nchi nyingi zilizokwisha kujisafisha, vikafika hadi Yemen na Indonesia kwenyewe.

Uvumi huo wa ugumba nausikia hapa nchini hadi leo, neno kwa neno, kila kampeni inapotangazwa. Watoto waliopewa matone miaka ya 1980 na 1990 ndio wazazi wa leo. Ukiwa na shaka, hesabu watoto wa mtaani kwako.

Lakini sipendi namna baadhi yetu tunavyowajibu watu wenye shaka. Baba anayekataa mlangoni mara nyingi ana sababu ambayo haihusu polio kabisa. Zahanati haina dawa ya malaria wiki ya tatu sasa, kisima kimeharibika, mkewe alitukanwa wodi ya wazazi, na ghafla wanakuja watu wanne na gari kumpa mtoto mzima matone ya bure ya ugonjwa ambao hajawahi kuuona. Anajiuliza, hii huruma imetoka wapi? Mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya wa jamii anayewajua watu wa nyumba ile kwa majina hufanikiwa pale ambapo daktari mgeni kama mimi angefungiwa mlango. Nimeshuhudia bibi mmoja akitoa watoto sita waliokuwa wamefichwa chumbani kwa sababu tu aliyebisha hodi alimwamkia vizuri na kukaa kwenye mkeka kwanza.

Wakibisha hodi kwako

Una haki ya kuangalia. Kwenye kichupa cha matone kuna alama ya mduara, na ndani yake pembe nne. Chanjo ikiwa nzuri, pembe nne huwa nyeupe kuliko mduara unaoizunguka. Ikishapigwa na joto huanza kuwa nyeusi, na ikifanana rangi na mduara au kuupita, kichupa hicho hakifai na ni cha kutupwa. Mtoa chanjo anaijua alama hiyo, mwambie akuonyeshe. Hatakasirika, na akikasirika, mwite msimamizi wake.

Mtoto hupewa matone mawili mdomoni. Akiyatema au kuyatapika hapo hapo, apewe mengine. Anaweza kunyonya mara moja. Mafua, homa ndogo au kuhara si sababu ya kumnyima wakati wa kampeni. Aliyechanjwa kliniki wiki iliyopita apewe. Mgeni aliyekuja kutembea apewe. Kichanga cha siku mbili aliye ndani apewe, na hawa ndio wanaosahaulika zaidi, maana mama yuko kwenye uzazi chumbani na anayefungua mlango ni binti wa kazi, anawatoa wanaotembea tu. Kisha mtoto huwekwa wino kwenye kidole. Wino huo unawasaidia wanaohesabu walioachwa. Hauna kazi nyingine.

Matone ya kampeni hayachukui nafasi ya kliniki. Kama kadi ina mapengo, nenda ukayazibe. Hakuna kuanza upya, mtaendelea pale mlipoishia, na huduma hiyo haina malipo. Kama kadi imepotea, nenda hivyo hivyo. Kituo kina rejesta, na hata isipoonekana, kurudia dozi ni salama kuliko kukisia.

Jambo la mwisho ni la mzazi yeyote, awe ana kadi au hana. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, ndani ya siku chache, bila kuanguka wala kuvunjika, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usianze na kuchua, wala usisubiri “upepo” upite. Mara nyingi haitakuwa polio. Yapo magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu yanayofanana nayo, na wakati mwingine ni sindano ya malaria iliyochomwa vibaya takoni ikagusa mshipa. Lakini kila mtoto wa namna hiyo anatakiwa kutolewa taarifa, na nchi hupimwa kwa hilo: inatarajiwa ipate angalau mmoja asiye na polio katika kila watoto 100,000 wa umri huo kwa mwaka. Nchi isiyoripoti hata mmoja haisifiwi. Inaulizwa kama kuna mtu anayetazama.

Mtaombwa choo cha mtoto, mara mbili, zipite angalau saa 24 kati ya cha kwanza na cha pili, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Wazazi wengi hushangaa, mguu umepooza na daktari anataka choo. Ni kwa sababu kirusi kinakaa huko. Kwa miaka mingi sampuli zetu zimekuwa zikisafirishwa hadi maabara ya Entebbe, Uganda, zikiwa kwenye barafu njia nzima. Kwa hiyo mtoto akishindwa kutoa choo cha pili siku hiyo, msiondoke na kurudi kijijini mkidhani cha kwanza kimetosha. Subirini, au acheni namba ya simu na jina la kitongoji, mfuatwe kesho yake.